Kwa nini mtu wa Mwanza aende Kairo

Mwalimu mmoja wa historia kutoka Mwanza ameniandikia kwamba yeye na mkewe, ambaye ni mzaliwa wa Tanga na mpenzi wa taarabu asilia, wamedunduliza fedha kwa miaka mitatu ili wasafiri nje kwa mara ya kwanza. Wana siku nane. Mke anapendelea Kairo, ila jamaa zao waliokwisha kusafiri wanawaambia kwamba Kairo ni piramidi tu, kwamba piramidi humalizika asubuhi moja, na kwamba baada ya hapo kinachobaki ni vumbi, kelele na watu wanaoutazama mfuko wako kuliko uso wako. Kwa hiyo afadhali waende Dubai. Mwalimu anauliza kama ipo sababu ya kweli ya kukaa siku nane katika mji huo.

Mwalimu, nianze kwa kuwakubalia jamaa zako yale waliyoyasema kweli. Kairo ina vumbi, kwa sababu jangwa linaanzia pale nyumba za mwisho zinapoishia. Ina kelele, kwa sababu dereva wa Kairo hupiga honi kusalimia, kushukuru, kulalamika na mara nyingine kwa mazoea tu. Kuhusu mfuko, mimi mwenyewe katika safari yangu ya kwanza nilipatana bei na mwenye ngamia pale Giza, nikapanda, nikazungushwa vizuri, kisha nikaelezwa kwa upole kwamba bei tuliyopatana ilikuwa ya kupanda, na kushuka kuna bei yake. Nililipa, maana ngamia ni mrefu.

Walipokosea jamaa zako ni pale walipodhani kwamba piramidi ndizo Kairo. Piramidi kubwa za Giza ziliutangulia mji huo kwa zaidi ya miaka 3,000, nazo ziko ng'ambo ya magharibi ya Mto Nile, katika Giza, ambayo kiutawala ni mkoa mwingine. Mtu aliyeziona piramidi akarudi uwanja wa ndege ameiona Misri ya mafirauni, ila Kairo amepita tu pembeni mwake. Nakushauri uende kwa sababu ya mji wenyewe, na piramidi uzihesabu kuwa nyongeza, ingawa ni nyongeza isiyo na mfano duniani.

Sababu yangu kubwa ni hii: Kairo ni mji mkuu uliohama mara kadhaa bila kuondoka. Mara nyingi watawala wapya walipoingia, hawakubomoa makao ya waliowatangulia ili wajenge juu yake, bali walisogea kidogo upande wa kaskazini, kunakotoka upepo wa kuburudisha, wakaanzisha mji wao, na ule wa zamani wakauacha uendelee na maisha yake. Waarabu walianzisha Fustat mwaka 641, jirani na ngome ya Warumi iliyoitwa Babiloni. Waabbasi wakajenga al-Askar mwaka 750, Ahmad ibn Tulun akajenga al-Qata'i mwaka 870, na mwaka 969 Jawhar, jemadari wa Wafatimi, akaweka msingi wa al-Qahira, yaani Mshindi, jina lenye mzizi mmoja na lile la al-Qahhar ambalo Waislamu wanalijua katika majina ya Mwenyezi Mungu. Salahuddin akaja kujenga ngome mlimani kuanzia mwaka 1176, na katika karne ya 19 Khedivi Ismail, mtawala wa Misri wa wakati huo, akafungua mitaa mipana ya namna ya Paris kati ya mji wa kale na mto. Miji hii yote imeshikana sasa, na mtu mwenye viatu vizuri anaweza kuifuata kutoka kusini kwenda kaskazini kwa utaratibu uleule ambao wewe unaufuata ubaoni. Tukienda Kilwa Kisiwani au Gede tunakwenda kutazama magofu. Kairo magofu yenyewe yana wapangaji.

Kwa hiyo siku ya kwanza msiende Giza. Pandeni metro, ambayo ilifunguliwa mwaka 1987 ikiwa ya kwanza barani Afrika, mshuke kituo cha Mar Girgis, na mtakuwa mmefika mlangoni mwa Babiloni. Katika eneo la mwendo wa dakika chache kuna Kanisa la Kuning'inia, linaloitwa hivyo kwa sababu limejengwa juu ya lango la ngome ya Warumi likashikiliwa na minara yake miwili; kuna kanisa la Mtakatifu Sergio, ambalo Wakopti, yaani Wakristo wa asili wa Misri, wanaamini kwamba chini yake Familia Takatifu ilipumzika ilipokimbilia Misri; na kuna sinagogi la Ben Ezra, ambalo chumba chake cha kuhifadhia karatasi chakavu kilikutwa kina vipande vya maandishi zaidi ya 200,000, vikiwemo barua za wafanyabiashara wa karne ya 11 na ya 12 waliokuwa wakisafirisha bidhaa kutoka Fustat hadi Aden na India. Wewe unayefundisha biashara ya Bahari ya Hindi utajisikia nyumbani, kwa sababu watu waliofaidika na pepo za kaskazi na kusi walikuwa na wenzao wa hesabu katika uchochoro huu. Hatua chache kaskazini uko msikiti wa Amr ibn al-As, wa kwanza kujengwa Misri. Umejengwa upya mara nyingi mno kiasi kwamba hakuna jiwe la awali lililobaki, kwa hiyo usitafute ukale wa kuta. Keti tu uone watu wanavyoswali mahali palipoanza kuswaliwa tangu karne ya 7.

Neno moja zaidi kuhusu Fustat kabla hatujasonga. Waarabu waliuita mji huo Misr, na hadi leo Mmisri wa kawaida akisema anakwenda Masr, maana yake mara nyingi ni kwamba anakwenda Kairo. Sisi tulipochukua jina Misri kwa nchi nzima tulichukua neno ambalo wenyewe wanalitumia kwa nchi na kwa mji mkuu wake bila kutenganisha. Ukimsikia abiria wa treni kutoka Aleksandria akiuliza kama wamekaribia Masr, usishangae.

Mashariki ya hapo kuna mahali ambapo naona ndipo sababu ya mtu wa pwani yetu kwenda Kairo inapokuwa nzito kuliko sababu za mtalii mwingine yeyote, na cha kusikitisha ni kwamba vikundi vingi vya watalii havipelekwi huko. Katika makaburi makubwa yaitwayo al-Qarafa kuna kaburi la Imam Shafii. Waislamu wengi wa pwani yetu, kuanzia Barawa hadi Kilwa, Unguja, Pemba na Tanga ya shemeji, ni watu wa madhehebu yake: namna wanavyosoma kunuti katika swala ya alfajiri, namna wanavyogawa zaka, namna kadhi anavyoamua talaka, yote yanarejea kwa mtu huyu aliyezaliwa Gaza mwaka 767, akaishi Makka na Baghdad, na kuja Fustat katika miaka yake ya mwisho. Ni katika Fustat alikozipitia upya rai zake za zamani na kuacha baadhi yake, ndiyo maana masheikh wetu wakifundisha fiqhi hutofautisha kauli ya kale na kauli mpya. Ile mpya ni ya Misri. Alifariki mwaka 820. Kuba iliyo juu ya kaburi lake iliwekwa na Sultani al-Kamil mwaka 1211. Ni ya mbao iliyofunikwa kwa risasi, na ikafunguliwa tena mwaka 2021 baada ya ukarabati mkubwa. Juu kabisa, mahali ambapo kuba nyingine huwa na mwezi mwandamo peke yake, pana mashua ndogo ya shaba. Wapo wanaosema ni chombo cha kuwekea ndege nafaka, na wapo wanaosema ni ishara ya bahari ya elimu. Niliwahi kumpeleka pale mzee mmoja wa Pangani, fundi wa madau, ambaye hakujali maelezo yote mawili. Aliikagua mashua kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba mkuku wake umekaa sawa.

Eneo hilo la makaburi lina familia zinazoishi ndani yake, kati ya makaburi ya masultani na ya watu wa kawaida, na katika miaka ya karibuni sehemu zake zimebomolewa kupisha barabara, jambo lililowaudhi Wamisri wengi wanaojali historia yao. Nendeni asubuhi, mvae mavazi ya heshima, na msipige picha za watu bila kuwaomba, kwa kuwa ule uwanja unaoonekana kama njia ya makaburini ni ua wa nyumba ya mtu.

Msikiti wa Ibn Tulun ndio karibu kila kitu kilichosalia cha mji wa al-Qata'i, kwani jeshi la Waabbasi liliporudi mwaka 905 liliufyeka mji wote likauacha msikiti. Ulikamilika mwaka 879. Nguzo zake ni za matofali yaliyopakwa plasta, na mapambo yamechongwa kwenye plasta hiyo. Shemeji akiwa amewahi kuona kuta za nyumba za kale za Lamu, atayasogelea kwa macho ya mtu anayeijua kazi. Uwanja wake ni mkubwa na mara nyingi ni mtupu. Kaeni pale nusu saa, kwa sababu kelele za Kairo zinakatika ukivuka ule ukuta wa nje, na nafasi ya namna hiyo hamtaipata tena siku hiyo.

Sasa tunafika al-Qahira yenyewe, ambayo naomba muitengee siku mbili kamili. Mwanzoni haikuwa mji wa watu. Ilikuwa makao ya khalifa al-Mu'izz, askari wake na watumishi wa kasri, na raia walibaki Fustat hadi walipolazimika kukimbia mwaka 1168, waziri Shawar alipoamuru Fustat ichomwe moto isiangukie mikononi mwa jeshi la msalaba. Mhimili wa mji huo, barabara ya al-Mu'izz, bado upo mahali pake, una urefu wa takriban kilomita moja ukianzia lango la Bab al-Futuh, na pande zake zote mbili zimejaa misikiti, vyuo, makaburi ya kifalme na mabirika ya maji kwa msongamano ambao sijauona katika mji mwingine wowote wa Kiislamu. Hapo kuna jengo la Sultani Qalawun, la mwaka 1284 hadi 1285, lililounganisha kaburi, madrasa na hospitali iliyotibu watu bila kuwatoza, na hadi leo katika kiwanja cha ile hospitali wapo madaktari wa macho. Mbele kidogo, palipogawanyika njia, kuna jengo dogo la mwaka 1744 la Abd al-Rahman Katkhuda: chini mpita njia alipewa maji ya kunywa bure, juu watoto walisoma Kurani. Jengo la aina hiyo waliliita sabil, neno lililo ndugu wa kusabilia kwetu.

Msiipite barabara hii kama mnaopita maonyesho. Ingieni vichochoro vya pembeni, ambako utakuta mafundi wa shaba, wauza viungo, wauza vitunguu saumu kwa mafungu, na mtoto anayekatiza kwenye msongamano akiendesha baiskeli kwa mkono mmoja, ubao wa mikate ukiwa kichwani. Soko la Khan el-Khalili, lililoanzishwa katika karne ya 14, liko upande wa mashariki, na maoni yangu ni kwamba sehemu yake inayotazamana na watalii haistahili zaidi ya saa moja, kwani nyingi kati ya zile sanamu za Firauni hazikutengenezwa Misri. Vukeni barabara ya al-Azhar, mwendelee kusini hadi Bab Zuweila, lango la mwaka 1092 ambapo Tuman Bay, sultani wa mwisho wa Wamamluki, alinyongwa mwaka 1517 Waturuki walipouteka mji. Kuna ngazi ya kupanda hadi kwenye minara iliyo juu ya lango, na huko juu somo lote la miji iliyohama utaliona kwa mtazamo mmoja: kusini ngome ya Salahuddin na msikiti wa Muhammad Ali uliokamilika katika karne ya 19, kaskazini minara ya al-Qahira imepangana, na magharibi maghorofa ya mji wa Khedivi. Chini ya lango, ng'ambo ya barabara, ndipo soko la mafundi wa mahema lilipo, la karne ya 17, lenye paa lake la asili. Wanaume wanakaa wakishona kwa mkono vitambaa vya rangi juu ya turubai, na hapo ndipo mahali ninapowashauri wageni watumie fedha zao za zawadi.

Mwalimu, utakumbuka kwamba Mansa Musa wa Mali alipita mji huu mwaka 1324 akielekea Makka, akagawa dhahabu hadi thamani yake ikashuka sokoni. Na kwamba Ibn Battuta aliuona mwaka 1326, miaka mitano kabla hajafika Kilwa. Mji waliouona watu hao kwa sehemu kubwa ni huu mtakaokuwa mnautembea, kwa kuwa jengo la Qalawun, Bab Zuweila na msikiti wa al-Azhar vilikuwa vimesimama tayari. Al-Azhar ilianza kujengwa mwaka 970, na wanafunzi kutoka Afrika Mashariki wamekuwa wakiijia kwa vizazi vingi. Athari ya mji haikuwa ya madarasani tu: jarida la al-Manar, ambalo Rashid Rida alilichapisha Kairo tangu mwaka 1898, lilisomwa Mombasa, na Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alichota humo mawazo aliyoyaeneza kwa Kiswahili katika magazeti yake ya miaka ya 1930. Katika miaka ya 1950 Radio Kairo ikaanza kutangaza kwa Kiswahili, na serikali ya Kiingereza haikuyapenda yaliyosemwa. Mkipita karibu na al-Azhar wakati wa alasiri mkasikia vijana wakibishana kuhusu Simba na Yanga, mtakuwa mmekutana na hao wanafunzi wa leo.

Nimeiacha makusudi sehemu ambayo naamini itawagusa nyote wawili kwa wakati mmoja, kila mtu kwa sababu yake. Ni ncha ya kusini ya kisiwa cha Roda, katikati ya mto. Hapo kuna kisima cha mawe kilichochimbwa mwaka 861, chenye ngazi zinazozunguka kushuka chini, na katikati yake nguzo ya marumaru yenye pembe nane iliyotiwa alama za dhiraa. Ndicho kipimo cha Mto Nile. Maji ya mto yaliingia kwa mifereji ya chini, yakapanda kwenye nguzo, na mtunzaji akasoma: yakifika dhiraa 16 mavuno yangetosha, wananchi wakasherehekea na serikali ikatoza kodi yake kamili, yakipungua sana ilikuwa dalili ya njaa, na yakizidi sana vijiji vilizama. Kwa maneno mengine, bajeti ya dola ilisomwa kwenye nguzo moja. Wewe unayeishi Mwanza utapenda kuamini kwamba maji hayo yalitoka kwenu, na sehemu yake ni kweli, ila mafuriko ya kiangazi yalitoka kwenye milima ya Ethiopia. Kazi ya maji ya Ziwa Victoria, yanayotokea Jinja na kusafiri kupitia Sudan, ilikuwa kuufanya mto usikauke wakati Ethiopia haina mvua. Bwawa la Aswan lilipokamilika mwaka 1970 mafuriko yalikoma Kairo na nguzo ikastaafu. Ugomvi wa maji haukustaafu: Tanganyika ilikataa mwaka 1962 kufungwa na mkataba wa mwaka 1929 ambao Uingereza iliutia saini na Misri, na bomba linalochota maji pale Ihelele, Misungwi, kupeleka Kahama na Shinyanga, ni tunda la kukataa kule. Umesimama kwenye kingo mbili za mabishano hayohayo, Mwalimu, na kutoka Mwanza hadi Kairo, ukichora mstari kwenye ramani, unakwenda kaskazini karibu bila kupinda kwa takriban kilomita 3,600.

Hatua chache tu kutoka kisimani ndipo lilipo jumba la makumbusho la mwimbaji Umm Kulthum. Ni dogo: miwani yake myeusi, leso yake ya kushika mkononi, magauni, nishani, na sauti yake ikiendelea kila saa. Kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi, katika msimu wa maonyesho, redio ilirusha tamasha lake na barabara za nchi za Kiarabu zikabaki tupu, na watu wa Unguja na Mombasa walikuwemo katika hadhira hiyo kupitia mawimbi ya redio. Shemeji atakuwa anaijua simulizi kwamba Sultani Barghash alimtuma Mohamed Ibrahim kwenda Kairo kujifunza kupiga kanuni, ile ala ya nyuzi, kisha akarudi Unguja kuwafundisha wengine; kikundi cha Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, kilikua katika mkondo huo. Najua kwamba watu wa Tanga watasema taarabu yao, ile ya Black Star na Lucky Star, ilichukua gitaa ikajiachanisha na Misri, na wana haki ya kujivuna. Hata hivyo apite barabara ya Muhammad Ali, inayotoka Ataba kuelekea ngomeni, ambako bado wapo mafundi wa udi, akae dukani kwa mmoja wao akisikiliza fundi anavyojaribisha nyuzi. Hakuna tiketi ya jambo hilo, na sijaona mgeni mpenda muziki aliyetoka pale chini ya saa nzima.

Mji wa Khedivi Ismail, ule wa katikati wenye majengo ya Kizungu, unatosha kwa jioni moja ya kutembea na kunywa kahawa. Ni Ismail huyuhuyu aliyetuma manowari mwaka 1875 kuteka Barawa na Kismayu, bandari za Sultani wa Zanzibar, akitaka njia ya kufika kwenye maziwa makuu, akalazimishwa na Waingereza kuondoka. Madeni aliyoyaacha yaliwapa Waingereza haohao kisingizio cha kuikalia Misri mwaka 1882. Ukitazama vibaraza vyake vya chuma vyenye maua, kumbuka ni nani aliyelipa.

Piramidi nazipa siku moja na nusu. Anzeni Saqqara, ambako Imhotep alimjengea mfalme Djoser piramidi ya ngazi takriban mwaka 2650 kabla ya Kristo, kwa sababu mkiona jaribio la kwanza mtaielewa kazi iliyokomaa. Kisha Giza, mapema lango linapofunguliwa. Piramidi ya Khufu ilikuwa na mita 146 na sasa ina takriban 138. Mawe meupe laini ya nje yalibebwa katika zama za kati kwenda kujengea Kairo, kwa hiyo baadhi ya kuta mlizozigusa siku mbili zilizotangulia ni ngozi ya hizo piramidi. Jumba Kuu la Makumbusho la Misri liko jirani, lilizinduliwa rasmi mwezi Novemba 2025, na mali za kaburi la Tutankhamun, zaidi ya vitu 5,000, zimewekwa pamoja humo kwa mara ya kwanza tangu kaburi lifunguliwe mwaka 1922. Litengeeni nusu siku na msijaribu kusoma kila kibao. Maiti za wafalme hazipo huko. 22 kati yake zilihamishwa kwa gwaride usiku wa tarehe 3 Aprili 2021 hadi makumbusho ya Fustat, ambayo ni rahisi kuyaunganisha na ziara ya siku ya kwanza.

Kuhusu chakula, msiwe na hofu. Chakula cha mtaani ni kushari, yaani wali, dengu, makaroni, nyanya yenye siki na vitunguu vilivyokaangwa hadi vikakauka, na sahani moja humtosha mtu mzima. Asubuhi ni maharage ya ful na mkate. Mulukhiya, ambayo Wamisri wataisifia kama siri ya taifa, ni mlenda, umekatwakatwa laini na kutiwa kitunguu saumu. Kula kwa utulivu, usiwaambie kwamba bibi yako alikuwa akiupika.

Dubai sina ugomvi nayo. Ni safi, ina utaratibu, na kwa mtu anayetaka kununua bidhaa na kupumzika hotelini ni bora kuliko Kairo kwa kila kipimo. Lakini wewe umeuliza habari ya siku nane za kuangalia, na huko utakuwa umeishiwa na historia kabla ya siku ya nne. Kama unataka kuona mji mkuu mpya unaoota jangwani, Kairo nayo inao: tangu mwaka 2015 serikali inajenga makao mapya upande wa mashariki, takriban kilomita 45 kutoka katikati ya mji, na wizara zimekwisha kuhamia. Wamisri wa mji wa kale wanalitazama jambo hilo kwa mashaka na mzaha. Anayejua habari za Fustat na al-Qata'i ataona kwamba watawala wamefanya lile walilolifanya siku zote, ila safari hii wamekwenda mbali zaidi na hawakumwachia mtembea kwa miguu njia ya kuwafuata.

Yaliyobaki ni ya vitendo. Ulizeni habari za viza ubalozini Dar es Salaam kabla ya kukata tiketi, na mbebe cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Kadi ya benki ni ya lazima, kwani katika maeneo mengi ya kihistoria tiketi hazilipiwi tena kwa fedha taslimu. Noti ndogondogo ziwe za bakshishi, neno ambalo hamtahitaji kutafsiriwa, kwa mlinzi anayefungua mlango uliofungwa au anayetunza viatu. Anayejitokeza barabarani kuwaambia kwamba msikiti mnaouendea umefungwa leo, shukuruni na mwendelee mbele, maana mara nyingi kilichofunguliwa ni duka la binamu yake. Kwenye metro kuna mabehewa ya wanawake, na shemeji ana hiari ya kuyatumia. Likizo yenu ya Desemba ni wakati mzuri kuliko ule wa Juni, ambapo joto hupita nyuzi 35 na kutembea mchana kunakuwa adhabu. Ila mtu wa Mwanza asidhani kwamba jangwa ni joto siku zote: usiku wa Desemba hushuka hadi nyuzi 10 au chini yake, na vyumba vingi vya hoteli za bei ya wastani havina kipasha joto. Bebeni masweta, na mkifika ombeni blanketi la pili mapema kabla mhudumu wa mapokezi hajabadilisha zamu.